Njahi na Mifupa ya Akina Mama

Hapana mtu aliyekulia katika Bonde la Ufa la kati, tangu Naivasha hadi Nakuru na Njoro, asiyezijua njahi. Ni kunde nyeusi, bapa kidogo, na kila punje ina mstari mweupe ubavuni kana kwamba imechorwa kwa chaki. Watu wa pwani huziita fiwi, na wataalamu wa mimea huuita mmea wake Lablab purpureus. Wakikuyu waliziheshimu kuliko kunde nyingine zote. Mvua ndefu, zile zinyeshazo tangu Machi hadi Mei, waliziita mvua za njahi. Na mlima Kilimambogo, ulio karibu na Thika, waliuita Kirima kia Njahi, yaani mlima wa njahi, wakauhesabu kuwa mmojawapo wa milima ambayo Mungu hupumzika juu yake. Chakula ambacho majira ya mwaka na mlima mtakatifu vimeitwa kwa jina lake hakikuwa chakula cha kutuliza njaa tu.

Heshima hiyo ilionekana zaidi pale mwanamke alipojifungua. Mzazi aliletewa njahi zilizopondwa pamoja na ndizi, na uji wa wimbi wa kuteremshia. Waliomletea walikuwa wanawake wenzake, mama mkwe, mawifi na majirani, nao walisema kwamba njahi huleta maziwa, huongeza damu, na hurudisha nguvu za mgongo. Desturi hiyo haikufa. Wakikuyu walipohamia Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi walikwenda nayo, na hata leo, katika mtaa wa Kihoto ulio kando ya ziwa mjini Naivasha, ambako wengi wa wakazi ni wafanyakazi wa mashamba ya maua, mwenye kwenda kumwona mzazi hachelei kubeba mfuko wa njahi.

Siku hizi neno jipya limeongezwa juu ya hayo ya kale. Yasemwa kwamba ndani ya njahi mna homoni ya kike, na kwamba ndiyo sababu wazee wetu waliwapa wanawake, na tena kwamba homoni hiyo huwakinga akina mama waliozeeka wasivunjike mifupa. Neno hilo lina uzito. Mama wa miaka 60 akianguka akavunjika nyonga, mara nyingi hainuki tena kuwa kama alivyokuwa; na mwenye kuogopa jambo kama hilo yu tayari kununua chochote, hata kopo la unga kutoka ng'ambo ambalo hajui limetiwa nini. Kwa hiyo yafaa tulipime neno hili. Katika Kikuyu, kihooto maana yake ni hoja ya haki, na wazee husema kwamba hoja ya haki huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Basi na tutafute kihooto cha njahi. Safari yake ni ndefu kidogo, kwa maana itatupeleka Marekani na Australia kabla ya kuturudisha huku kwetu.

Kwanza tujue mfupa ni kitu gani. Wengi hudhani kwamba mfupa ukisha kukua hukaa vile vile kama jiwe mpaka mtu afe. Sivyo. Mfupa ni kama nyumba ya udongo ambayo kila siku mafundi wawili huishughulikia: mmoja hubomoa sehemu zilizochakaa, na mwingine hukandika udongo mpya mahali pale. Mafundi hao ni seli ndogo zisizoonekana kwa macho, na udongo wao ni madini, hasa kalsiamu, ambayo ndiyo hupatikana katika chokaa. Katika ujana mjenzi humshinda mbomoaji, na mifupa huongezeka unene na uzito mpaka mtu afikapo umri wa miaka 25 au 30 hivi. Baadaye wawili hao hulingana kwa muda. Kisha mbomoaji huanza kumshinda mwenzake polepole. Lakini kwa wanawake, hedhi ikisha koma, mbomoaji hupata nguvu kwa ghafula, na kwa miaka michache mfupa hupungua upesi sana, ukawa na matundu kama sifongo.

Sababu yake ilijulikana si zamani mno. Katika mwaka wa 1929 wataalamu wawili waliofanya kazi mbali mbali, Edward Doisy huko Marekani na Adolf Butenandt huko Ujerumani, walifaulu kuichuja homoni ya kike, estrojeni, ikiwa safi. Haukupita muda mrefu, daktari mmoja wa Boston, Fuller Albright, akaona kwamba wagonjwa aliowatibu kwa kuvunjika mifupa ya uti wa mgongo bila sababu ya wazi karibu wote walikuwa wanawake waliokwisha koma hedhi. Katika mwaka wa 1940 na 1941 alieleza kwamba estrojeni ndiyo iliyowalinda, na ilipotoweka mwilini mifupa ilibaki bila mlinzi. Leo twajua zaidi: estrojeni humzuia yule mbomoaji asipite kiasi. Tangu siku za Albright, basi, kitu chochote kilichofanana na estrojeni kilitazamwa kwa jicho la tamaa.

Na vitu vya namna hiyo vilikuwa vimo katika mimea, ingawa hakuna aliyevitafuta kwa ajili ya mifupa. Mwaka wa 1899 wanakemia wa Uingereza waliochunguza mmea mmoja wa jamii ya kunde, uitwao Genista tinctoria, ambao watu wa Ulaya walipakia nguo rangi ya manjano, walipata ndani yake kitu wakakiita jenisteini. Mwaka wa 1931 kitu hicho hicho kilipatikana katika soya, pamoja na ndugu yake daidzeini. Viliandikwa vitabuni, vikasahauliwa. Ilibidi kondoo waugue ndipo watu wavikumbuke.

Kondoo hao walikuwa wa Australia ya Magharibi. Wafugaji wa huko walikuwa wamepanda klova katika malisho yao, jani zuri la jamii ya kunde linalorutubisha udongo na kunenepesha wanyama. Katika miaka ya 1940 wakaona ajabu: kondoo majike wenye siha njema hawakushika mimba, na waliozaa walizaa kwa taabu, na ajabu kubwa zaidi, madume yaliyohasiwa yalianza kuota chuchu na kutoa maziwa. Mwaka wa 1946 wataalamu Bennetts, Underwood na Shier walitangaza kwamba lawama ni ya klova yenyewe. Mmea ule ulikuwa na kitu kinachotenda kama estrojeni. Hapo kwanza watu walidhani ni jenisteini. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba mkosaji mkubwa alikuwa ndugu yake mwingine, fomononetini, ambayo vijidudu vya tumboni mwa kondoo huigeuza kuwa ekuoli, kitu chenye nguvu zaidi.

Habari hii si ngeni sana kwa nchi yetu kama idhaniwavyo. Kabla maua hayajaanza kulimwa kando ya Ziwa Naivasha, mashamba mengi ya hapo yalinyweshewa maji ya ziwa ili kustawisha majani ya lusini kwa ng'ombe wa maziwa. Lusini nayo ni ya jamii ya kunde, nayo ina kitu chake cha namna hiyo, kiitwacho kumestroli. Mfugaji mwenye akili huwachanganyia wanyama wake lusini na majani mengine.

Je, vitu hivi ni homoni kweli? Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mmea hauna haja ya homoni ya mwanamke. Vitu hivi, ambavyo kwa jumla huitwa isoflavoni, mmea huvitengeneza kwa kazi zake wenyewe: kujikinga na ukungu na wadudu, na kuwaita vijidudu vya udongoni waje wakae katika mizizi yake na kuirutubisha. Imetukia tu kwamba umbo lao lafanana na umbo la estrojeni, kama ufunguo wa nyumba ya jirani unavyoweza kuingia katika kufuli yako. Ufunguo huo huingia, lakini hauzunguki sawasawa; nguvu ya isoflavoni ni ndogo mara nyingi sana kuliko ya estrojeni yenyewe. Tena mwaka wa 1996 wataalamu wa Sweden waligundua kwamba mwilini mna kufuli ya pili ya estrojeni ambayo haikujulikana, na kwamba jenisteini huipenda hiyo kuliko ile ya kwanza. Ugunduzi huo uliwatia watu moyo, kwa kuwa kufuli zote mbili zimo katika mifupa.

Sasa na turudi Kenya, katika mwaka ule ule wa 1931 ambao jenisteini ilipatikana katika soya. Mwaka huo ilipigwa chapa huko London taarifa ya wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Langton Gilks, juu ya chakula na siha ya Wakikuyu na Wamasai. Gilks alikuwa mkuu wa idara ya uganga ya Kenya. Orr alikuwa mkuu wa chuo cha utafiti wa chakula huko Aberdeen, naye ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 1949. Kilichomvuta Orr kuja Kenya kwanza hakikuwa watu bali ng'ombe. Ng'ombe wa walowezi katika sehemu za Nakuru walikuwa wakikonda na kufa katikati ya majani mengi, na ugonjwa wenyewe uliitwa kwa jina la mji huo; baadaye ulijulikana kuwa ni upungufu wa madini ya kobalti katika udongo. Orr aliyekuwa amezoea kutafuta upungufu wa madini katika malisho ya ng'ombe akauliza swali lile lile juu ya watu. Ni desturi ya kusikitisha ya nyakati zile kwamba ng'ombe wa mlowezi alichunguzwa kwanza, na mtu akafuata.

Walipima maelfu ya watu. Walikuta kwamba mwanamume Mmasai alimzidi mwanamume Mkikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na nguvu ya mkono wake ilikuwa zaidi kwa nusu. Mmasai aliishi kwa maziwa, nyama na damu. Mkikuyu kwa nafaka, viazi, ndizi na kunde. Miongoni mwa Wakikuyu waliona mifupa iliyopinda, meno yaliyooza na upungufu wa damu kwa wingi kuliko miongoni mwa Wamasai, nao wakasema kwamba kasoro kubwa ya chakula cha Mkikuyu ni uhaba wa kalsiamu.

Taarifa hiyo ilisifiwa sana, na kwa miaka mingi ilinukuliwa kana kwamba ndiyo yote yawezayo kusemwa. Baadaye wanahistoria waliisoma tena kwa jicho kali. Cynthia Brantley aliandika mwaka wa 1997 kwamba Orr na Gilks waliwatazama watu wale kana kwamba wameishi hivyo tangu zama, bila kuikumbuka historia. Na historia ilikuwa pale pale mlangoni. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904 Wamasai walikuwa wameondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru, na mwaka wa 1911 wakahamishwa tena toka Laikipia kwenda kusini. Wakikuyu walikuwa wamepoteza sehemu ya ardhi yao. Vijana wao wengi walikuwa vibarua katika mashamba, wakila posho ya unga wa mahindi. Mtu aliyepimwa mwaka wa 1928 hakula alichokula babu yake.

Lakini kwa hoja yetu, jambo kubwa katika taarifa ile ni dogo kwa maandishi, na wengi walilipita bila kulitazama. Tofauti kati ya wanawake wa makabila yale mawili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya wanaume. Mwanamke Mkikuyu alikula mboga za majani kwa wingi, ambazo mume wake aliziona kuwa chakula cha wanawake na watoto. Majani ya namna hiyo, terere na mengineyo, yana kalsiamu nyingi kuliko kiazi au hindi lolote. Basi mwanamke yule, aliyebeba kuni na maji, akazaa na kunyonyesha, alikuwa na mifupa iliyolishwa vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Na kilichoilisha kilikuwa sufuriani waziwazi, wala hapakuhitajika homoni yoyote kulieleza jambo hilo.

Chakula hicho cha wanawake ndicho kilichoanza kupungua. Mahindi meupe yaliyotakiwa sokoni na katika posho yalichukua mahali pa wimbi na mtama. Upande wa kunde ilikuwa vivyo hivyo. Claire Robertson, mwanahistoria mwingine aliyeandika mwaka wa 1997, ameonyesha jinsi idara ya kilimo ya serikali ya kikoloni ilivyohimiza maharagwe yaliyofaa kuuzwa ng'ambo, na jinsi kunde za wanawake, njahi zikiwa mbele, zilivyosukumwa pembeni. Njahi huchukua muda mrefu shambani. Mtambaazi wake huenea pote, na mwenye shamba dogo hana nafasi ya kumngojea. Mwanamke aliyekuwa na kipande cha ardhi nyuma ya kambi ya vibarua huko Njoro au Naivasha, na ambaye alijua kwamba aweza kufukuzwa wakati wowote, alipanda kile kinachoiva upesi. Sioni ajabu.

Sasa turudi kwenye neno la homoni. Katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu waligeuza macho kwenda Japani. Wanawake wa huko walikula soya kila siku, nao walivunjika nyonga mara chache kuliko wanawake wa Ulaya na Marekani, ingawa hawakunywa maziwa mengi. Basi watu wakasema: ni soya. Hoja hiyo ni nzuri kuisikia, lakini ina tundu, na tundu lenyewe laonekana ukisimama Afrika. Mwaka wa 1968 daktari Louis Solomon alitangaza kwamba wanawake Waafrika wa Johannesburg walivunjika shingo ya mfupa wa paja mara chache mno, ingawa hawakula soya, na kalsiamu yao ilikuwa haba. Baadaye hali kama hiyo ilionekana huko Gambia. Ikiwa wasiokula soya nao hawavunjiki, basi soya peke yake haiwezi kuwa jibu. Kazi ya mikono, kutembea kwa miguu, jua la kutosha, umbo la nyonga, na hata kwamba wengi hawakufikia uzee mkubwa, yote hayo hayana budi kuhesabiwa.

Njia ya kumaliza ubishi ni majaribio, na yamefanywa. Mwaka wa 2007 madaktari wa Italia walitangaza matokeo ya wanawake 389 waliokwisha koma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kupungua. Wote walipewa kalsiamu na vitamini D. Nusu yao waliongezewa miligramu 54 za jenisteini iliyochujwa kila siku. Baada ya miaka miwili waliopewa jenisteini mifupa yao iliongezeka uzito, na ya wenzao ilipungua. Ungedhani neno limekwisha. Lakini mwaka wa 2011 madaktari wa Miami walitangaza jaribio la wanawake 248 wa miaka 45 hadi 60, ambao nusu yao walimeza miligramu 200 za isoflavoni za soya kila siku kwa miaka miwili. Mifupa yao haikuwa na tofauti yoyote na ya wale waliomeza vidonge vitupu. Tena walilalamika kwa joto la ghafula mwilini kuliko wenzao. Majaribio mengine yameangukia huku na huku. Watu pia hawafanani matumboni: daidzeini hugeuzwa kuwa ekuoli, kama katika kondoo wale, kwa vijidudu ambavyo karibu nusu ya Wajapani wanavyo, na robo tu au theluthi ya Wazungu.

Huo ndio ukweli juu ya soya, ambayo ndiyo yenye isoflavoni nyingi kuliko vyakula vyote vya kawaida: gramu 100 za punje kavu huwa na miligramu 100 au zaidi. Maharagwe yetu, kunde na mbaazi hazikaribii hapo. Nyingi hazifiki hata miligramu moja. Njahi zimo katika kundi hili la wachache wa isoflavoni. Mama wa Kihoto angetaka kupata katika maharagwe kiasi walichomeza wanawake wale wa Miami, ingempasa ale magunia. Wanaomuuzia homoni ndani ya njahi wamechukua sifa ya soya wakamvisha mtu mwingine. Na wale wanaomtisha kijana mwanamume asile njahi ati ataota maziwa kama kondoo wa Australia, nao wamevuta mfano mahali usipofika: kondoo wale walikula klova kutwa kucha, miezi mingi, wala hawakuwa na chakula kingine.

Kwa mtu wa Naivasha au Nakuru anayeihofia mifupa yake, kuna jambo jingine la kutazama ambalo halihusiani na kunde hata kidogo. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita kipimo cha miligramu 1.5 katika lita moja kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ya miamba ya volkeno iliyo chini yetu. Meno ya kahawia yaonekanayo kwa watoto wengi wa huku ni alama yake ya kwanza. Na anywaye maji ya floraidi nyingi mno kwa miaka mingi, viungo vyake hukakamaa na mifupa yake huharibika. Huko Nakuru, Jimbo Katoliki limetengeneza vichujio vya kuiondoa floraidi hiyo, na kitu kinachoichuja ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Njahi zenyewe hazihitaji sifa za kuazima. Karibu robo ya uzito wa punje kavu ni protini, na mfupa si madini matupu. Una nyuzi za protini ndani yake zinazouzuia usikatike kama chaki. Gramu 100 za njahi kavu zina miligramu 130 hivi za kalsiamu, na mahindi hayafiki hata 20. Wimbi ule uliotiwa katika uji wa mzazi ndio mkuu wao: una zaidi ya miligramu 300, yaani zaidi ya mara mbili ya maziwa yenye uzito huo huo. Bila shaka nafaka kavu huongezewa maji, nayo maziwa ni maji tayari, tena kalsiamu ya nafaka na kunde haiingii mwilini yote, kwa kuwa imefungwa na asidi iliyomo ndani ya punje. Hata hivyo wazee wetu wa kike walikuwa na dawa ya jambo hilo bila kujua jina lake. Uji wa wimbi waliuchachusha siku moja au mbili, na kuchacha huifungua sehemu ya kalsiamu ile. Kwa njahi walikuwa wakali zaidi, maana punje hizi zikiliwa mbichi zina uchungu na sumu kidogo. Zililowekwa usiku kucha, zikachemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, zikatiwa maji mengine na kurudishwa motoni mpaka ziwe laini kiasi cha kupondwa kwa mwiko. Ndipo ndizi zikafuata.